Waliozaliwa Tarehe Tisa

Saa nne kasoro dakika kumi, asubuhi ya tarehe tisa Novemba, Espérance alimvua binti yake Gracia viatu ili visipasuke. Akamfungua vifungo vya shati, akamwambia asimame wima karibu na nguzo ya nyumba yao ya bashi, turubai la msaada. Mama wengine wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanafanya vilevile. Kwa jirani yao Musoki, anayeuza sombe, majani ya muhogo, redio ilikuwa inatoa kipindi kinachoitwa Siku Kama ya Leo. Mtangazaji alisema kwamba siku kama ya leo mfalme mmoja wa Uingereza alizaliwa, jenerali mmoja wa Ufaransa alikufa, na huko Ujerumani watu walianza kuubomoa ukuta uliokuwa umekata mji wao vipande viwili. Kisha akatangaza sabuni.

Saa nne kamili watu wa kambi walikua.

Gracia aliongezeka urefu wa vidole vitatu. Mikono ya shati ilimpanda karibu na viwiko, na suruali za wavulana wa nyumba ya pili zikawa za kuchekesha. Muzee Antoine aling'oka jino, akalitia mfukoni. Musoki alijishika nywele, akaona mvi zimeongezeka upande wa kushoto, akaendelea kukata sombe. Shughuli yote ilichukua muda wa kuchemsha chai. Baada ya hapo hakuna mtu wa kambi angekua tena hata kidogo mpaka tarehe tisa ya mwaka ujao. Wauza viatu wa soko la Bunia walilijua jambo hilo. Mwezi wa kumi hawakuhangaika kupita kambini, lakini tarehe kumi Novemba walifika mapema na mifuko mizima.

Nusu saa baadaye wafu walifika.

Walikuja kwa miguu kwa barabara ya Djugu, watu thelathini na wanane, vumbi jekundu mpaka magotini, na kila mmoja akaingia kwa watu wake. Orly, mdogo wake Gracia, aliingia akiwa amevaa shati ambalo mama yake alimshonea mwaka uliopita. Lilikuwa limeshambana kwapani. Siku alipokufa alikuwa na miaka minne. Sasa alikuwa na kumi. Espérance alichukua kamba ya chandarua, akampima kutoka kisigino mpaka utosini, akafunga fundo la sita. Kisha akampa shati jipya na sahani ya bugali na samaki wa ziwani Tchomia, kwa sababu alipokuwa hai alipenda samaki.

Jambo hili lilianza na swali moja. Wiki ile walipokimbilia Bunia, ofisi fulani ilimtuma kijana kuwaandika. Fomu yake ilikuwa ya Kifaransa, na watu walikuwa mia nne na kitu. Kijana alichoka kabla ya kuanza, akaamua kufupisha. Badala ya kuuliza kila mtu alizaliwa lini, aliuliza tu, "Tarehe?" Muzee Antoine, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, alifikiri anaulizwa siku ambayo kijiji chao kilichomwa. Wakati ule hakukuwa na tarehe nyingine kichwani mwa mtu. Akajibu tisa Novemba. Wa nyuma yake akajibu hivyohivyo, na wa nyuma yake tena. Mwaka wa kuzaliwa kijana aliukadiria kwa kuangalia uso.

Kisha aliuliza, "Muko bangapi kwa nyumba?" Watu walihesabu kama walivyozoea. Siku ile hakuna aliyekuwa amejifunza kuhesabu familia yake na kuacha mtu. Kwa hiyo wafu nao waliandikwa, kwa umri waliotajiwa na watu wao, na wao pia wakawa wamezaliwa tarehe tisa.

Gracia alikuwa mtoto wa maswali. Alitaka kujua kukua kwake kunangoja wapi mwaka mzima, na kama kunaona baridi. Alimuuliza Orly kama huko anakotoka watu wanakua saa nne au saa nyingine. Orly alifikiri, akasema huko hakuna saa, lakini njiani kuna mahali pa mto ambapo viatu huanza kubana. Gracia aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake la hesabu. Kabla jua halijashuka, wafu waliaga na kurudi kwa barabara ileile.

Mwezi wa pili, direkta wa shule aliwaita wazazi wa darasa la sita. Alisema mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hataandikishwa kwa mtihani wa taifa. Espérance mwenyewe aliacha shule darasa la nne, na mtihani huo aliuwazia kama mtu anavyowaza ng'ambo ya ziwa. Alikwenda ofisini siku hiyohiyo. Huko alikuta karani mpya anayeitwa Gustave, mtu mpole mwenye mashine mpya. Gustave alimweleza kwamba mashine inakataa watu mia nne na kumi na wawili wenye siku moja. Kila familia lazima irudi kusahihishwa, yote pamoja. Atakayekuwepo atapigwa picha na kupewa tarehe yake ya kweli. Asiyekuwepo atafutwa.

Espérance aliomba wiki moja afikiri. Akisahihisha, Gracia atafanya mtihani na Orly atafutwa, na mtoto aliyefutwa hana tarehe ya kurudia nyumbani. Asiposahihisha, Orly atakuja, na Gracia atabaki kukata sombe na Musoki. Alifikiria kusema kwamba mvulana ameenda Mahagi kwa shangazi yake. Musoki alimwambia asijisumbue, mashine inataka uso.

"Tena uso wa siku ya kazi," Musoki alisema. "Wa kwako anakuyaka mara moja kwa mwaka kama askofu."

Espérance alicheka, kisha akaendelea kufikiri, mpaka akakumbuka kwamba hata daftari la vifo lina tarehe. Siku ya saba alirudi ofisini na Gracia.

Gracia alisema alizaliwa tarehe tatu Machi, na Gustave akaandika. Espérance alisema yeye alizaliwa wakati wa kuvuna karanga. Gustave akaweka tarehe kumi na tano Julai, akasema inafanana.

"Orly?" Gustave aliuliza.

Espérance aliangalia mikono yake. Maneno yale alikuwa hajawahi kuyasema mbele ya mtu. "Orly alikufa tarehe tisa Novemba. Umuandike kwa bafu, kwa bale balikufa."

Gustave hakukataa. Alichukua daftari la vifo, akafungua ukurasa wa tarehe tisa Novemba. Ulikuwa mweupe. Aliuliza ilipo karatasi ya chifu wa kijiji, kwa kuwa kifo kinashuhudiwa na chifu wa mahali kilipotokea.

"Chifu alikufa siku ileile, ndugu yangu. Iko namba mbili kwa liste yako, chini ya Muzee Antoine."

Gustave alitafuta. Chifu alikuwepo, mzaliwa wa tarehe tisa Novemba, miaka sitini na mmoja, anakaa kambini.

"Basi anaweza kusaini," Gustave alisema.

"Anaweza. Anakuyaka tarehe tisa."

Gustave alilipima jambo hilo kwa haki. Alisema sahihi peke yake haitoshi, lazima na muhuri.

"Muhuri uliungua na nyumba yake."

"Basi mama, bila muhuri mutoto hajakufa." Gustave alilifunga daftari la vifo. "Na kama kifo kimeombwa lakini hajakufa, siwezi kumufuta. Nitamuacha vile iko, tarehe tisa, tungoje uso wake."

Alimpa Gracia cheti chake, karatasi ngumu yenye picha. Njiani Espérance hakujua kama ameshinda au ameshindwa. Mambo mawili aliyoyaogopa hayakutokea, na jambo moja aliloliomba alinyimwa.

Gracia alifaulu. Tangu siku ile ya cheti alikuwa anakua kidogo kidogo kama watoto wa mjini, bila mtu kuona. Alijipima kila asubuhi kwa nguzo, na asubuhi nyingi aliona hakuna kitu. Jambo hilo lilimshangaza zaidi kuliko lile la zamani.

Tarehe tisa ilipofika, alisimama saa nne na miguu mitupu kwa mazoea, na hakuongezeka. Orly alikuja kwa wakati wake. Dada na kaka walisimama mgongo kwa mgongo, na kamba ikapata fundo la saba. Kwenye redio, baada ya mfalme na jenerali na ukuta, mtangazaji alisema kwamba mwaka huu wamepata habari za hapa kwetu pia. Kwa mujibu wa daftari, ambalo familia nyingi zilikuwa bado hazijarudi kulisahihisha, watu zaidi ya mia tatu wa kambi moja ya Bunia walizaliwa siku kama ya leo. Vifo, hakuna. Chifu, aliyekuwa amekaa kwa Musoki na kikombe cha chai, aliomba waongeze sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mtangazaji anasoma vizuri.

Orly alimaliza samaki wake, akanawa mikono.

"Mama, kweli miye nilizaliwa siku gani?"

"Ishirini na sita Agosti. Mvua ilikuwa inanyesha na kuni zote zililoa."

"Mbona haukumuambia ule wa mashine?"

"Hakuniuliza. Aliuliza uso."

Orly alirudia polepole, ishirini na sita Agosti, ishirini na sita Agosti. Alikuwa bado anarudia alipoingia kwenye barabara ya Djugu na wengine.

Mwezi wa kumi na mbili ofisi ileile ilileta barua kambini. Ilisema orodha inaonyesha mvulana wa miaka kumi na mmoja, jina lake Orly, ambaye hajawahi kuandikishwa shule, na kwamba mzazi anaitwa kueleza sababu. Gracia aliisoma kwa sauti mara mbili. Espérance aliikunja, akaifungia pamoja na kamba, ili ampe Orly mwenyewe tarehe tisa.