Nguzo ya Nne

Turubai lilipoondolewa kwenye lango la hekalu letu, watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natafuta nguzo ya nne.

Lango hilo lina nguzo nne zilizochongwa mawimbi. Kwenye tatu mawimbi yanapanda. Kwenye ile ya nyuma kushoto yalikuwa yanashuka. Waliolijenga waliisimamisha kichwa chini kwa makusudi ili lango lisikamilike, maana jengo likishakamilika linalobaki ni kuoza tu. Watoto wa mtaa huu hulijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Sasa mawimbi yote yalikuwa yanapanda.

Mwenyekiti wa kamati ya ukarabati ni mdogo wangu, Tokuji. Nilimshika mkono wa koti mbele ya watu.

"Nani ameigeuza?"

"Mimi ndiye niliyemwagiza fundi," alisema bila hata haya. "Kaka, wageni wanaipiga picha wakicheka. Wanasema wazee wetu walijenga wamelewa."

"Kwa hiyo ukaona uwasahihishe marehemu."

Kesho yake kuhani angelibariki lango, na likishabarikiwa haliguswi mpaka ukarabati mwingine, ambao mimi na Tokuji hatutauona. Nikataka kamati ikutane mchana huohuo. Fundi mkuu, Isobe, akasema kuigeuza nguzo ni kulibomoa paa zima. Wazee wakatazama mikeka. Kwenye vikao vyetu, kimya cha namna hiyo maana yake mwenyekiti ameshinda. Tokuji akanimiminia chai polepole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Nikakisukuma kikombe. Kukataa chai mbele ya watu ni tusi, na nilitaka liwe tusi.

Nikamuuliza Isobe ni kazi gani iliyobaki. Akasema ni kigae kimoja cha ukingoni, cha mwenyekiti. Sote tuliochangia tumeandikwa majina kwa wino upande wa chini wa vigae vyetu. Chake kilingojea akiweke mwenyewe asubuhi, kwa heshima ya cheo chake.

"Basi kilazwe kinyume," nikasema. "Jina litazame juu. Lango libaki na kosa lake."

Tokuji alicheka. "Mvua italifuta jina langu, kaka."

"Ndiyo."

Hapo mkewe, Mineko, aliyekuwa akikusanya vikombe, akamwambia mumewe bila kuinua uso, "Baba Shiho, si wewe umezoea kugeuza vitu? Geuza na hicho."

Mzee mmoja akapaliwa na chai. Kisha wakacheka wote, na Tokuji akabaki mwenyekiti wa kicheko.

Asubuhi alipanda ngazi mwenyewe, akakilaza kigae kinyume mbele ya kuhani, masikio yamemwiva. Hakushuka mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Mvua za Juni zimeshalifuta jina. Lakini mawimbi ya nguzo ya nne bado yanapanda, na kila nikipita chini yake damu inanichemka upya. Tokuji hunisalimia kwa heshima, kaka hujambo. Namjibu kuhusu hali ya hewa tu.