Ha ya Kanisani

Katika maktaba ya chuo pale Dessie nafasi ilikuwa moja tu: ama aajiriwe mtaalamu wa kompyuta kutoka Addis Ababa, ama Yeshimebet, mkutubi wa miaka mingi, apelekwe kusoma upya.

"Dada, kompyuta si jiko la kahawa," mkurugenzi, Ato Getnet, alimtania. "Ukipuliza haiwaki."

"Baba alinifundisha kusoma kanisani, fimbo mkononi. Hicho kidude chako kitanishinda nini? Na ukinitoa hapa, nitakula wapi?"

Getnet akalegea. Yeshimebet akaenda kozi, akarudi, akaingiza kadi zote za vitabu kwenye kompyuta peke yake, huku kifua mbele. Lakini mazoea yana taabu. Katika maandishi ya kwao sauti "ha" ina herufi tatu. Zinasomeka sawa, na siku hizi watu huandika yoyote. Baba yake hakulikubali hilo: kila jina na herufi yake, ukikosea unachapwa. Basi kila alipokuta jina limeandikwa ovyo, Yeshimebet alilinyoosha, wala hakumuuliza mtu.

Asubuhi moja akaingia mama wa kijijini, pindo la shela lake jeupe limepandishwa shingoni kama wavaavyo wafiwa. Akatoa kitambulisho cha binti yake, Hirut.

"Alisoma hapa. Aliandika kitabu cha kumalizia masomo, akakileta kwenu, kisha akafa. Mimi sijui kusoma, mwanangu. Nataka nikishike tu."

Yeshimebet akanakili jina herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kozini. Kompyuta ikajibu: hakuna. Akajaribu tena. Hakuna.

"Labda hakukileta, mama."

"Aliniambia amekileta." Yule mama akakitazama kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo alinidanganya?"

Yeshimebet akamwambia pole, na mama akaondoka taratibu, akikifuta kitambulisho kwa shela.

Wiki iliyofuata, akipanga rafu, Yeshimebet akakiona. Kitabu chembamba, jina la Hirut juu yake kwa ha ya kawaida, na ukurasa wa kwanza maneno mawili: Kwa mama. Kwenye kompyuta alikuwa amemwandika kwa ha ya kanisani, na alipotafutwa kwa ha ya kitambulisho chake binti wa watu hakuonekana. Akaketi palepale sakafuni akalia, mkutubi mzima.

Alipoweza kusimama, akaenda kwa Getnet, akamweleza.

"Mwite yule mtaalamu wa Addis Ababa, umwajiri."

"Kwa kosa moja? Lirekebishe, yaishe."

"Nimezinyoosha kadi zote, Ato Getnet. Sijui nimewazika wangapi mle ndani."

"Na wewe utakula wapi?"

"Sijui." Alikuwa amekikumbatia kile kitabu. "Wewe nipe jina la kijiji chao. Kuna mama huko anadhani mwanawe alikufa mwongo."