Yatima wa Chuo

Watu walikuwa wakilia huku wakila keki. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alijifuta machozi kwa kitambaa kilekile alichopangusia krimu mdomoni. Jukwaani alisimama kaka yangu ndani ya koti jeupe, akisimulia alivyowazika baba na mama yake siku moja. Mama yake alikuwa ameketi kando yangu, sahani mapajani, mdomo umejaa keki.

Baba alikuwa amekufa kweli, kwa maradhi, kitandani mwake, tukiwa wadogo. Mama alikuwa mzima wa afya, na siku hiyo alivaa viatu vipya vilivyombana.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza sekondari, na mama alishikilia jambo moja tu: nikasome uuguzi katika chuo cha afya alichokuwa akisoma kaka. Mimi nilikuwa nikisitasita. Wiki chache kabla tulikwenda kwenye maonyesho ya vyuo, katika ukumbi mkubwa wa mjini, ambako wanaume wenye tai walituita kutoka kwenye meza zao kama wauza nyanya soko linapokaribia kufungwa. Walitugawia kalamu, mifuko na peremende, wakaniita muuguzi mtarajiwa kabla hata ya kuniuliza jina. Nilitoka humo nikihisi kama nimelambwa uso mzima. Mama yeye alitoka na kalamu za kumtosha mpaka uzeeni, akasema hao wote ni wauza maneno, bora chuo cha kaka yako, ambacho ndani yake tuna mtu wetu.

Kwa hiyo chuo hicho kilipotangaza siku ya milango wazi kwa wageni, hakukuwa na mjadala. Kaka alipopigiwa simu alisema tusije, kutakuwa na msongamano, hatapata nafasi hata ya kutusalimu, afadhali tuje wiki nyingine. Mama alicheka. Tangu lini mzazi akaomba ruhusa ya kumwona mwanawe? Hakubishana naye, alikata simu akaenda kutafuta viatu.

Mama aliuza utumbo sokoni. Kwa wasioijua kazi hiyo: unaupokea machinjioni ukiwa bado na joto, unaukamua mavi, unaugeuza ndani nje kama soksi, kisha unausugua mpaka uwe mweupe. Sisi wawili tulisomeshwa na utumbo. Harufu yake ilikaa kwenye nywele zetu, na shuleni kaka alipigana mara nyingi kwa sababu ya harufu hiyo. Asubuhi ya safari mama alijisugua mikono kwa limau na sabuni ya unga mpaka ngozi ikawasha, akaninyooshea ninuse. Nilimwambia hainuki. Ndani ya basi alimweleza kila aliyekaa karibu kwamba mwanawe ni daktari. Kaka alikuwa mwaka wa pili tu wa utabibu, lakini mama hakuwa mtu wa kujishughulisha na vijambo vidogo vidogo.

Binti aliyetutembeza chuoni alikuwa na tabasamu ambalo halikumtoka hata alipojikwaa. Maabara ilikuwa na hadubini mpya, bado zimevalishwa plastiki, na tuliombwa tusiguse. Bwenini tulionyeshwa chumba kimoja chenye godoro ambalo halijavuliwa nailoni. Vyumba vingine vyote vilikuwa na kufuli. Chini ya mlango wa choo cha wanafunzi maji ya mavi yalikuwa yakivuja taratibu, na mtu alikuwa amemwaga manukato juu yake ili wageni wasijue. Mimi nimekulia kwenye mavi ya ng'ombe na sikuwahi kuona kinyaa. Pale nilifunika pua. Mavi ya kazi ya mama yalioshwa. Haya yalipakwa marashi. Mama aliyakanyaga kwa viatu vyake vipya akiendelea kusifu mapazia.

Baadaye tukaingizwa ukumbini, tukapewa keki. Afisa uhusiano wa chuo, bwana mmoja laini mwenye sauti ya kubembeleza, alisema kabla hatujaamua kuwaleta watoto wetu hapo, tusikie kwanza chuo kina moyo wa namna gani. Akamwita kaka. Mama alinifinya paja. "Umeona?" akaninong'oneza. "Kati ya wote hawa, wamemchagua yeye."

Kaka hakutuona. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, na nadhani ndivyo alivyofundishwa. Akasema yeye ni yatima. Basi lilipinduka, wazazi wake wote wawili wakaenda siku moja, naye akabaki kulala kwenye vibaraza vya maduka mpaka chuo kilipomwokota. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, nzuri, inayosita pale inapotakiwa kusita. Mama alidhani ni maigizo, maana alikuwa bado anatabasamu, akingoja sehemu ya kuchekesha. Ndipo kaka akasema mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza.

Mama akaacha kutafuna.

Yaani hakutosheka kumuua. Alimtafutia kwanza kazi ya heshima, ndipo akamuua. Mimi hakunigusa, kwa kuwa katika hadithi yake sikuwahi kuzaliwa. Keki ilinipanda kooni na nikaimeza tena, na sijala keki tangu siku ile.

Watu walisimama kupiga makofi. Mama naye akasimama, akapiga, polepole kuliko wengine. Afisa akawaalika wazazi wapite mbele wamshike kijana mkono, na mstari ukaanza kujipanga. Nilimvuta mama nikamwambia twende zetu. Alijitanda mtandio wake vizuri kichwani.

"Msiba haukimbiwi," akasema, akaingia kwenye mstari.

Kaka akamwona. Alimtupia jicho afisa aliyesimama bega kwa bega naye, kisha akamrudia mama. Bado kulikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha, nami nililingoja nikiwa nimemkazia macho. Mama akaupokea mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Pole kwa msiba, kijana."

"Asante."

"Marehemu mama alikuwa akifundisha darasa la ngapi?"

Mama hakuuachia ule mkono, na hakuwa akimdhihaki. Namjua mama akidhihaki. Alikuwa anamfungulia mlango apite.

"La tatu," kaka akasema.

Jibu hilo hunichefua mpaka leo kuliko hotuba nzima. Hotuba aliandikiwa. Darasa la tatu alilitafuta mwenyewe, hapohapo, huku mkono uliomlisha umeushika wake.

Afisa aliona macho ya mama yamelowa, akafurahi. Alinigeukia akasema nafasi za uuguzi bado zipo, na kwamba chuo kinapenda familia zenye huruma kama yetu. Akamuuliza mama, je, binti tumwandikishe?

"Huyu bado ana mama," mama akasema, na tukatoka.

Kaka alikuja nyumbani likizo na maelezo mengi. Yatima wa zamani alikuwa amehitimu, chuo kikahitaji mwingine, wakamwahidi kitanda bwenini. Na isitoshe, neno haliui mtu. Mama alimsikiliza huku akigeuza utumbo kwenye beseni, kisha akanawa akampakulia chakula. Nadhani alimsamehe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa dada tu. Nilikwenda kusoma chuo kingine, chenye paa linalovuja, ambako hakuna aliyenibembeleza.

Sasa kaka ni tabibu, na wagonjwa humsifu kwa ulimi wake mtamu. Mama alipokufa, akiwa mzee, yeye ndiye aliyeombwa aseme machache mbele ya waombolezaji. Alisimama akawaambia kwamba mama yetu alikuwa muuza utumbo, na kwamba yote tuliyo nayo yalitoka kwenye beseni lake. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Watu walilia. Lakini sauti ilikuwa ileile, ya chini, nzuri, ikisita mahali palepale, na nikashindwa kuketi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, na majirani walionishika mgongo wakadhani ni majonzi.