Ubeti Mmoja Tena

Nyama niliiingiza kwenye oveni kabla ya shule ya Jumapili, kama nilivyofanya kila juma tangu nihamie kwa binti yangu Nola. Bega la ng'ombe, viazi, karoti, kitunguu kimoja kikubwa, moto mdogo. Mahubiri yakiisha na watu wakishasalimiana, unaikuta imelainika, inaachia mfupa yenyewe. Wanawake wote wa Kanisa la Baptisti la Cane Fork walipika kwa hesabu hiyo. Mchungaji akizidisha maneno, mtaa mzima unanuka, na kwa kuwa mchungaji alikuwa mkwe wangu, lawama zilikuja mlangoni kwangu.

Wendell Tarrant alikuwa mwembamba, shingo ndefu, sauti ya chini. Aliyemwona mara ya kwanza alidhani ni mtu wa kusukumwa tu. Kiangazi kile cha mwaka 1964 sheria ilikuwa imetoka Washington kwamba hoteli na mikahawa isimfukuze mtu kwa rangi yake. Makanisa sheria haikuyagusa. Wendell akasema mimbarini kuwa ni aibu duka la soda limtangulie Kristo kufungua mlango. Kwa neno hilo familia mbili zilihama kanisa, moja ikiwa na sauti nzuri kuliko zote kwenye kwaya. Hakulirudisha neno.

Tena alikuwa na desturi ya kwenda hospitali ya wanajeshi wastaafu kuwahubiria wagonjwa wodini. Huko ndiko Odessa Grier alikomsikia. Alikuwa muuguzi, mwanamke mweusi wa makamo, mjane, mrefu, mtu wa kukutazama usoni mpaka umalize unachosema. Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani kwetu, akagonga mlango wa mbele. Nasema wa mbele kwa sababu mwanamke mweusi kugonga mlango wa mbele wa mzungu, katika mji wetu, ilikuwa tayari ni mahubiri.

"Mchungaji," alisema akiwa bado amesimama, "ulituambia wodini kwamba mlango wa kanisa lako uko wazi kwa kila aliyebatizwa."

"Nilisema."

"Mimi nimebatizwa. Na nikikuta mlango uko wazi, huwa naingia. Kama ulikuwa unatania, niambie leo, nisipige pasi nguo bure."

Wendell alimtazama, akatabasamu kidogo. "Piga pasi, Dada Odessa."

Nikamkaribisha kahawa. Akakaa, akanywa, nami nikamuuliza, kwa kuwa mimi nauliza tu: "Kwani kwenu hakuna kanisa, mwanangu?"

"Lipo, Bi Zula, na nalipenda. Liko ng'ambo ya mto, na zamu yangu ikiisha alfajiri miguu hainifikishi. Hili lenu naliona nikiwa naanika nguo. Nimesikia nyimbo zenu mpaka nimejua nani anakosea sauti."

"Ni nani?"

"Siku nikiwa mshirika nitakwambia."

Alasiri akaja Hoyt Cantrell, mkuu wa mashemasi na msimamizi kwenye kiwanda cha nyuzi. Alikuwa amekwisha kusikia. Mji wetu hauna pazia. Nikamkatia pai ya pichi, akaila yote kabla hajasema lililomleta. Hoyt hakuwa mtu mbaya wa kumtambua kwa macho. Wendell alipougua mapafu, yeye ndiye aliyetukatia kuni.

"Mchungaji, huyo mama asije kesho."

"Ameshaalikwa, Ndugu Hoyt."

"Na nani?"

"Na mimi. Na wewe pia. Ubao ulioko nje umeandikwa *Wote Karibu*, na ni wewe uliyeupaka rangi."

Hoyt akafuta mdomo. "Unajua nyumba hii ni ya kanisa. Una mke, una mama mkwe. Sitaki kuona masanduku barabarani."

"Na mimi sitaki," alisema Wendell. "Mama, mwongeze Ndugu Hoyt pai."

Nikamwongeza. Alipoondoka Wendell alikaa akiwa ameshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe kabisa. Nikamwambia, "Wendell, unaogopa."

"Naogopa sana, Mama."

"Basi?"

"Basi nitaogopa nikiwa nimesimama."

Sasa niwaeleze namna sisi Wabaptisti tunavyompokea mtu, maana jambo lote liliangukia hapo. Kwetu hakuna askofu. Mahubiri yakiisha unaimbwa wimbo wa mwito, na anayetaka kujiunga anatoka kwenye benchi, anatembea mpaka mbele. Mchungaji anamtaja jina, kisha anauliza kanisa linasemaje. Mmoja anatoa hoja apokelewe, mwingine anaunga mkono, washirika wanapiga kura, kisha kila mtu anapita kumpa mkono wa ushirika. Hoja isiyoungwa mkono inakufa palepale. Na kwetu mtu wa nyumba ya mchungaji hatoi hoja wala haungi, kwa hiyo Nola na mimi tulikuwa na macho tu.

Kwa miaka mingi aliyetoa hoja alikuwa Ndugu Early Pruitt, shemasi mzee, kiziwi wa sikio moja, macho yamemwingia ukungu. Akisikia nyayo zinakuja mbele, anasema, "Natoa hoja apokelewe," hata kabla mchungaji hajamaliza kuuliza. Na Hoyt Cantrell anasema, "Naunga mkono." Ilikuwa kama amina. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mmoja wao angenyamaza.

Jumapili ilikuwa ya joto, madirisha yote wazi, watu wanajipepea. Odessa alikaa benchi la nyuma, gauni la buluu nzito, glavu nyeupe, mkoba mapajani. Benchi lile lilibaki lake peke yake. Wendell alihubiri kifupi. Maurine Cantrell, dada yake Hoyt, ambaye hakuwahi kuolewa na aliishi chumba cha juu nyumbani kwa kaka yake, akaanza kupiga wimbo wa mwito kwenye piano. Hatujamaliza ubeti wa kwanza, tukasikia visigino vinakuja taratibu juu ya mbao.

Alifika mbele, akageuka, akatutazama sote.

"Huyu ni Dada Odessa Grier," alisema Wendell. "Amebatizwa katika imani hii hii, anaomba kujiunga nasi. Kanisa linasema..."

"Natoa hoja apokelewe," alisema Ndugu Early.

Feni za karatasi zilisimama. Wote tukamgeukia Hoyt, na Hoyt akatazama viatu vyake.

Kisha akasimama. "Mchungaji, Ndugu Early amesema kwa mazoea. Hakumwona aliyesimama. Hoja hiyo tuihesabu haikutolewa."

"Tumuulize mwenyewe," alisema Wendell.

Hoyt akainama kwenye sikio zima la mzee. "Ndugu Early! Unajua uliyemtolea hoja ni nani?"

"Usinipigie kelele, sijafa," alisema mzee. "Ni yule dada mweusi. Macho yangu ni mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho."

"Basi iondoe."

"Mchungaji ameita, mtu amekuja. Niondoe nini? Kaa chini, Hoyt, unanizibia upepo."

Wengine walicheka kwa pua, wakajikohoza. Hoyt hakukaa. "Sawa. Hoja ipo, wa kuiunga hayupo. Imekufa. Tufunge kwa sala, Mchungaji, watu waende wakale."

Jasho lilikuwa limemshuka Wendell mpaka kwenye kola. Nikasema moyoni, hapa ndipo atakaporudi nyuma. Naye akafungua kitabu cha nyimbo.

"Mwito haujafungwa," alisema. "Tuimbe ubeti mmoja tena."

Tukaimba. Ukaisha. Akauliza, "Yupo wa kuunga mkono?" Watu wakatazama vitabu vyao. "Ubeti mmoja tena."

Kwetu mtu hatoki kanisani kabla ya sala ya kufunga, labda awe na mtoto anayetapika. Na Hoyt hata angetaka, asingeweza: akitoka yeye na watu wake, kura inabaki kwa wengine. Kwa hiyo alikaa, akakunja mikono. Wendell naye hakutoka. Odessa alisimama katikati yao, mkoba mkononi, naye akiimba. Nola akatoka kwenye benchi akaenda kusimama kando yake, bega kwa bega. Tukamaliza beti zote za wimbo ule, tukarudi mwanzo.

Hapo ndipo harufu ilipoingia.

Nyumba ya mchungaji iko hatua chache tu kutoka kanisani, na nyama yangu niliijua kama mtu anavyojua sauti ya mwanawe. Kwanza ilinukia vizuri, matumbo yakaanza kulia mabenchi yote. Baadaye karoti zikashika sufuria. Ningeweza kuchomoka. Kila mwanamke mle ndani alinitazama, kwa kuwa yangu ikiungua na yake inaungua. Mama Dellinger, aliyekaa karibu nami, akaninong'oneza nyuma ya feni: "Zula, nenda kazime." Nikamwambia, "Aende aliyeuwasha mwito." Nikakaa.

"Wamethodisti wameshatoka," mtu alinong'ona. "Watamaliza kuku wote pale mkahawani."

"Ubeti mmoja tena," alisema Wendell. Sauti ilikuwa imemkauka.

Maurine akaweka vidole kwenye piano, kisha akaviondoa. Akafunga kifuniko polepole. Tukabaki midomo wazi bila mlio.

"Naunga mkono," alisema.

Hoyt aligeuka mpaka benchi likalia. "Maurine. Piga piano."

"Nimepiga." Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, sidhani kama nilikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. "Ninapiga nyimbo za mwito hapa tangu nikiwa na nywele za kusuka. Leo mtu amekuja. Kama hakuwa yeye, niambie, Hoyt, nilikuwa namwita nani?"

"Tutazungumza nyumbani."

"Tutazungumza. Sasa hivi kura inapigwa."

Wendell akaligeukia kanisa. "Hoja imetolewa, imeungwa mkono. Wanaokubali wasimame."

Walisimama. Mmoja hapa, wawili kule, kisha mabenchi yakaanza kulia sehemu nyingi. Sisemi wote walisimama kwa upendo. Wengine walisimama kwa njaa, na nadhani wapo waliosimama kwa kuwa jirani kasimama. Lakini walisimama. Wasiokubali nao wakasimama kwa zamu yao, hawakuwa wachache, na kati yao alikuwamo Ndugu Early.

"Ndugu Early," alisema Wendell, "umesimama mara mbili."

"Sijasimama mara mbili. Sijamaliza kukaa."

Kicheko kikatoka safari hii, cha kweli, hata kwa waliokasirika. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa. Odessa Grier akawa mshirika wa Cane Fork.

Watu wa Hoyt walitoka kwa mlango wa pembeni. Sisi wengine tukapanga mstari kumpa mkono wa ushirika, na Odessa alivua glavu kwanza, akaziweka mkobani, akatupa mkono mtupu. Ndugu Early aliushika muda mrefu mpaka mstari ukakwama. Nilipofika mimi akaniinamia sikioni.

"Ni Mama Dellinger," alisema. "Anayekosea sauti."

"Sote tunajua, mwanangu."

Alikula kwetu. Nyama ilikuwa mkaa kwa nje. Nikaikwangua, tukala ya ndani kwa mkate wa mahindi. Sufuria niliiloweka siku kadhaa, weusi wa chini haukutoka.

Nisiwafiche lililofuata. Maurine aliporudi nyumbani alikuta nguo zake kwenye baraza, akahamia chumba cha nyuma kwa Ndugu Early, na piano hakuiacha. Hoyt alizunguka nyumba kwa nyumba majira yote ya mapukutiko, na Novemba wakaitisha mkutano, wakapiga kura ya kumwondoa Wendell. Walishinda. Wendell alisimama akawashukuru kwa sauti ile ile ya chini, akasema kwamba angepewa tena Jumapili ile, angeimba tena.

Lakini mshirika si mchungaji. Mchungaji kanisa linamwondoa likimchoka. Mshirika haondolewi kwa kuwa ni mweusi, kanuni zetu hazina neno hilo, na wa kuliandika hakutokea. Walijaribu kumchosha. Hawakumjua.

Tulihama asubuhi ya Jumapili, maana ndiyo siku tuliyopata lori. Wendell alikuwa amepata kazi ya kufundisha kaunti nyingine, na watu wachache wa kusali nao sebuleni. Tulikuwa tunafunga magodoro kwa kamba Odessa alipopita, gauni lile lile la buluu, koti juu yake. Akanisaidia kuingiza sufuria yangu nyeusi katikati ya mablanketi isigongane na vioo. Ndani ya kanisa piano ikaanza.

"Mchungaji," alisema, "ningekaa niwasaidie mpaka mwisho. Lakini ibada inaanza."

Wendell aliacha kamba, akamshika mkono. "Nenda, Dada Odessa. Usichelewe."

Akapanda ngazi bila haraka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi. Akaufungua mwenyewe, akaingia.