Mlio Uliosikika kwa Anli

Ancha, jirani wa ua mmoja, anaapa kwamba Anli amepona. Anasema alikuwa anapepeta mchele akasikia zumari imelia mara moja, safi, kama zamani kabla Wareno hawajawakusanya wote ndani ya kijiji kilichozungushiwa waya. Ungo ukamponyoka. Akapiga vigelegele, mchele chini, kuku juu yake.

"Ijumaa mwanangu anaolewa kwa zumari!" anasema. "Nani alidai tropa wamemmaliza yule mzee?"

Ndivyo anavyosimulia Ancha. Cadija, binti wa Anli, alikuwemo ndani.

Tropa, askari wa Wareno, walimpiga babake kitako cha bunduki kidevuni, wakidai zumari yake inawaita wapiganaji wa msituni. Kwa pigo lile akajiuma ulimi, ukapona na kinundu. Na zumari huanza kwa ulimi: unaziba yale majani mawili ya mvumo yaliyo kwenye kipulizio, pumzi inajaa nyuma yake, kisha ulimi unaondoka, sauti inatoka nzima. Kwa Anli sasa pumzi ilivuja kwanza, fsss, sauti ikaja baadaye inakwaruza.

Kwa ajili ya harusi ile alijaribu asubuhi nzima, jasho linamtiririka. Cadija alikuwa anamtazama koo na mashavu, kama alivyomtazama tangu utotoni.

"Baba, usiisukume. Izibe kwanza."

"Nizibe na nini?" Siku hizi maneno yalimtoka mazito. Kisha akacheka, akamnyooshea zumari. "Haya, fundi. Nionyeshe."

Kwao mwanamke hapulizi zumari. Lakini Cadija alidhani babake akiona, atakumbuka. Akayalowesha majani mdomoni, akaziba, akangoja, akaachia.

Mlio ukatoka mzima, hauna hata chembe ya upepo mbele yake.

"Anli! Mashallah!" Ancha akapaza sauti kutoka uani. "Ijumaa tunakutegemea, shemeji!"

Kicheko kilikuwa kimetoweka usoni mwa Anli. Akaipokea zumari, akaitazama kitambo, akaifuta mate ya mwanawe kwa ncha ya shuka. Halafu akamrudishia, akaiweka mapajani mwa Cadija taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake, akajilaza kitandani na kugeukia ukutani.

Cadija akasogea mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Baba, inuka ujaribu tena. Mara moja tu, Baba. Mimi nitaishika."