Tuseme Tunatoka Makongeni

Tumbo la Sahra lilikuwa limeshuka, na Nekesa, aliyezaa watano, hakuhitaji kuambiwa kwamba mtoto angetoka wiki hiyo. Sahra alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, nje ya lango la ploti moja ya vyumba vya kupanga, Kariobangi. Kando yake, mumewe Jimale alishikilia mkokoteni uliobeba cherehani na sufuria. Nyumba yao ya Mathare, ukingoni mwa mto, ilibomolewa na tingatinga siku nne zilizopita. Tangu hapo walikuwa wamebisha malango tisa, na kote waliambiwa nyumba zimejaa, hata palipotundikwa kibao cha nyumba ya kupanga.

Nekesa ndiye aliyeitunza ploti hii. Alifagia, akafungulia maji, akaonyesha wapangaji vyumba. Naye kwa malipo alipewa chumba cha chini, alimolala na wajukuu wawili. Chumba namba saba kilikuwa kitupu. Huruma ikamshika, ikamshika kwelikweli.

"Mkiulizwa mnatoka wapi, msitaje Mathare," akawaambia. "Wala Eastleigh msiitaje. Semeni Makongeni."

"Mama, hatujawahi kukaa Makongeni," Jimale akasema.

"Kwani nani atafuatilia? Mimi nilizunguka mwaka mzima nikisema natoka Mathare, hakuna aliyenipa hata ufagio. Siku niliyosema Makongeni, nikaandikwa hapa. Mzee Opicho, mwenye ploti, alifanya kazi reli, akakaa kule miaka thelathini. Akisikia Makongeni, moyo unalainika."

Sahra alivuta mtandio wake ukae vizuri. "Sawa, mama. Tuseme Makongeni."

Jamani, jinsi Nekesa alivyojiamini! Alipanda ngazi mbili mbili kama msichana.

Mzee Opicho alikuwa amesimama kwenye ujia wa ghorofa ya kwanza, mikono juu ya ukingo, akiwatazama wageni.

"Wanatoka Makongeni, mzee," Nekesa akasema.

"Makongeni ni pazuri." Hakuondoa macho kwenye mtandio wa Sahra. "Lakini hawa ni Wasomali."

"Ni fundi cherehani, mzee. Na mke anakaribia kujifungua."

"Mungu amsaidie, nami nitamwombea. Ila ukimwingiza mmoja, kufikia Krismasi hapa patakuwa Eastleigh, Wasomali mlango kwa mlango. Polisi watakuja kunivunjia milango, wapangaji wanikimbie. Waambie pamejaa."

"Wanajua hapajajaa."

"Basi wape namba saba, mama. Halafu na wewe utafute pa kulala na hao watoto."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Nekesa maini. Akakumbuka siku aliyoandikwa kazi. Mzee alimwuliza jina, akasikia Nekesa, akacheka, akaendelea kwa Kibukusu, lugha ya kwao wote wawili, mpaka wakafika kwa ukoo wa mama yake. Habari za Makongeni alikuja kuulizwa mwishoni kabisa, chai ikiwa imekwisha kumiminwa. Miaka sita alikuwa ameushukuru mtaa ambao haukumfanyia lolote, na leo alikuwa ameugawa kama dawa.

Alishuka polepole. Alitaka kusema mzee amekataa, kisha akataka kusema pamejaa. Wajukuu wake walikuwa ndani, sauti zao zikisikika dirishani wakigombania kiti.

"Nisameheni," akasema mwishowe. "Nilidhani ni mahali. Kumbe si mahali."

"Tunajua, mama," Sahra akasema.

"Mlijua? Mbona basi mkakubali kusema uongo?"

Sahra alijaribu kuinuka, mkono kiunoni, na Jimale akamshika kwapa. "Siku nne hizi wewe ndiye wa kwanza kutuambia iko njia," Sahra akasema. "Sikutaka kukukatisha tamaa."

Jimale akapakia godoro, akaanza kulifunga kamba. Kutoka juu, Mzee Opicho akaita kuuliza kama wamekwenda. Nekesa alimsikia vizuri. Alishika mkokoteni upande wa nyuma, akaanza kusukuma.