Kijua cha Ndindi

Mwelu alipanda ngazi zote za ploti yao ya ghorofa, mtoto mgongoni, akakuta mlango wa kutokea paani umetiwa kufuli jipya. Akalitikisa hata hivyo.

"Mama Ndindi, hakuna kuanika tena huko," Bwire, keateka mwangalizi wa jengo, alimwambia kutoka ngazi ya chini. "Landilodi anaongeza floo ingine hapo juu. Mafundi wanaanza leo."

"Mimi sina nguo za kuanika, nataka tu kumwotesha mtoto jua. Kliniki walisema kila asubuhi, ama miguu itapinda kabisa."

Bwire aliviangalia viguu vya Ndindi vilivyochungulia kwenye leso, vyote viwili vimeshaanza kupinda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nikikufungulia nitafutwa, mama. Jaribu huko nje."

Huko nje! Mtaa mzima wa Tassia ni ghorofa kwa ghorofa, ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani wa ploti ya pili. Kodi ilipopanda, Mwelu alihamia chumba cha nyuma, cha bei nafuu, ambako taa huwashwa saa sita mchana. Alidhani ameokoa pesa, maskini.

Akashuka akimwimbia mwanawe. Barabarani, katikati ya ploti mbili, kijua kilikuwa kimeangukia njia, upana wa mkeka tu. Akatandika leso, akamvua mtoto soksi. Ndindi akacheka, akarusha miguu, na Mwelu akampenda hata machozi yakamlengalenga.

Mara lori la mawe ya kujengea likaingia, likapiga honi.

"Mathe, toka njia bana!" dereva akafoka. "Hizi mawe ni za hapo juu!"

Mwelu akaanza kukusanya leso. Hapo Hibo, jirani yake wa mlango wa pili, akatokea na mwanawe mchanga, Yahye, kifuani, akaketi bila kuuliza.

"Utoke uende wapi, Mama Ndindi? Kaa."

Mwelu akakaa. Akamlaza mtoto kifudifudi, jua limfikie nyuma ya magoti.

"Ngoja kidogo, kaka," akamwambia dereva. "Mkishamaliza kujenga, hata hapa jua halitafika."

Dereva alichungulia juu, kule paani, kisha akawatazama wale watoto. Akazima injini.

Jua lilikuwa likisogea. Wanawake wakavuta leso, wakalifuata polepole, hadi mbele ya magurudumu.